Majina ya Kutaja Kabla ya Kuzama

Siku hizi, ukizama kwenye maji moto ya nyumba za wageni za Japani, unamsahau kila mtu ambaye hukumtaja ulipokuwa ukijisugua pembeni. Watu huenda kupunguza mawifi. Mwanamvua alicheka sana mumewe, Shaweji, alipoapa kumwacha humo shangazi yake mwenye domo.

Shaweji akatoka amelainika kama andazi kwenye chai.

“Haya, umewataja nani?”

“Mama, kinyozi wangu na timu nzima, hadi kipa wa akiba.”

“Na mimi mkeo, baba?”

Shaweji akarudi nyuma kwa adabu. “Samahani, dada. Umesema mke?”

Bibi mwenye nyumba akainama, akamkabidhi Mwanamvua taulo.

“Zamu yako, mama. Tukuwekee nani?”

Akafungua mdomo. Jina la Shaweji likagoma kutoka.