Kinga ya Msumeno

"Ajali haina kinga, shemeji," msimamizi wa karakana ya mbao aliniambia. "Siku ya mumeo ilikuwa imeandikwa."

Shemeji wa nani? Nilikuwa nautazama msumeno wa umeme uliomuua juzi. Ulikuwa na matundu manne ya skrubu, matupu, yenye kutu. Kinga ya chuma iliyofungwa hapo zamani ilikuwa mezani kwa msimamizi, imegeuzwa sinia la vikombe vya chai. Mume wangu aliwahi kuniambia nani aliing'oa, ili mbao nene zipite upesi.

"Kwa hiyo hata kinga ingekuwepo, angekufa tu?"

"Angekufa tu. Saa ikifika imefika."

"Na isipofika?"

"Hata uruke motoni, hufi."

Akaninyooshea karatasi niweke sahihi kwamba hakuna mwenye kosa. Nikabonyeza swichi. Msumeno ukaanza kulia.

"Weka huo mkono hapa," nikamwambia. "Kama haikuandikwa, utautoa mzima."

"Umepandwa na wazimu?"

"Weka!"

Mkono ukakimbilia mfukoni, wala haukungoja kuandikiwa.