Tarakimu Ishirini na Mbili

Mwalimu Shomvi alimkabidhi Mwanakheri, mwanafunzi wake wa zamani, karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na namba moja ndefu, iliyosomeka vilevile ukianzia kushoto au kulia.

"Ni namba tasa hiyo, mwanangu," mzee alisema. "Haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Miaka sita nimeihangaikia. Wewe sasa unafundisha chuoni, nipelekee waitangaze kwa jina langu."

Mwanakheri alihesabu tarakimu kimoyomoyo. Zilikuwa ishirini na mbili. Akahesabu tena. Namba inayosomeka vilevile pande zote mbili, idadi ya tarakimu zake ikiwa shufwa, lazima igawanyike kwa kumi na moja. Alifundishwa hilo akiwa na miaka kumi na mitatu, na aliyemfundisha ndiye huyu aliyeketi mbele yake.

Amesahau, au ananipima? Darasani mzee alizoea kuandika kosa ubaoni kwa makusudi, kisha akanyamaza mpaka mmoja wa wanafunzi alione. Mwanakheri alimtazama usoni asiambulie kitu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "umejaribu kuigawa kwa kumi na moja?"

 Mzee akaichukua karatasi, akaweka kidole juu ya tarakimu ya kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika katikati, kidole kikasimama. Akainua macho akitabasamu kidogo, na Mwanakheri hakujua kama lile ni tabasamu la mwalimu au la mtu aliyepotea njia.

"Endelea wewe," mzee alisema.