Kaseti ya Malta

Nyundo ilikuwa tayari mezani, na kando yake kaseti.

"Ivunje," alisema Ndugu Bukhatwa, mwenyekiti wa kamati ya kiwanda cha unga. "Pigo moja tu, mbele ya wenzako. Kisha urudi kwenye mashine yako, yaishe."

Miftahi aliitazama nyundo asiiguse. Wafanyakazi wote walikuwa wameketi ukumbini, wengine bado wana unga kwenye nyusi. Mwaka ule, kwa amri ya Kiongozi wa nchi, magitaa yalikuwa yamechomwa moto uwanjani, na mtu kukutwa na kaseti ya roki ilikuwa njia ya mkato ya kwenda gerezani. Kupewa nyundo ilikuwa huruma, na kila mtu alilijua hilo.

Ila Miftahi alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uliitwa Farasi wa Bati, bendi ya Waingereza wanne wenye nywele za kufika mabegani. Walipokwenda ziarani aliwafuata kwa redio, kichwa chini ya blanketi, kama mtu anayefuatilia habari za ndugu yake aliyekwenda kuhiji: leo wako Hamburg, kesho Milano, mpiga ngoma anaumwa koo. Albamu zao alizijua vipande vipande, pamoja na mikwaruzo ya mawimbi ya redio, hata mikwaruzo akaihesabu kuwa sehemu ya nyimbo.

Siku walipopiga muziki Malta, kisiwa cha ng'ambo ya bahari, alikaa ufukweni tangu alasiri, uso kaskazini, akingoja upepo umletee japo ngoma moja.

"Umesikia nini?" wenzake walimuuliza kesho yake, mbavu hawana.

"Bahari," alijibu. "Lakini ilikuwa inakwenda na mdundo."

Sasa onyesho lile lile la Malta lilikuwa limerekodiwa mubashara na kutolewa kwenye kaseti. Aliuziwa na baharia mmoja katika soko la Jarid, huyo huyo aliyewahi kumuuzia shemeji yake viatu vya Italia, vyote vya mguu wa kushoto. Miftahi hakutaka hata kuomba apunguziwe. Alivua saa ya marehemu baba yake akampa. Kabla hajafika nyumbani kuisikiliza, akakamatwa.

"Ivunje, mwanangu!" mama yake alipaza sauti kutoka nyuma. "Ni plastiki tu, roho yangu! Twende zetu, makaroni yanapoa!"

Watu wakacheka. Bukhatwa hakucheka.

"Ndugu zangu, mnadhani namwonea? Jana nimejifungia ofisini nikaisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa ajili yenu. Mpaka sasa kichwa kinanigonga! Mle ndani kuna mtu anabweka. Mlevi yule, kichaa, na sauti yenyewe ya punda aliyekosa maji. Na wanaomshangilia ni kondoo watupu!"

"Punda!" walidakia wa mstari wa mbele, ambao kazi yao ilikuwa kudakia. "Kichaa!"

"Mtu kama yule ni wa kufungwa kamba!"

"Afungwe!"

Katibu aliandika kila neno.

Miftahi akainua kichwa. Kuitwa kondoo aliweza kuvumilia. Mwimbaji wake kuitwa punda, hapana.

"Basi umenipita, Ndugu Mwenyekiti. Mimi mwenyewe sijaisikia hata kidogo. Iwekeni. Wimbo mmoja tu, wenzangu waamue wenyewe kama ni punda. Kisha nipelekeni mnakotaka, kwa miguu yangu."

"Miftahi! Unataka kuniua?"

"Nisamehe, mama. Nikiivunja kabla sijaisikia, sitalala tena maisha yangu yote."

Bukhatwa akatabasamu. Mkosaji anayejichimbia kaburi mwenyewe humpunguzia mwenyekiti kazi nyingi.

"Sawa. Lakini si wimbo mmoja. Tutaisikiliza nzima, na hakuna wa kutoka. Funga mlango."

Redio kaseti ya ofisi ilikuwa mbovu tangu Idi, ikabidi iletwe ya mpishi wa kantini, imeganda mafuta. Bukhatwa aliitumbukiza kaseti kwa mkono wake, akafungulia sauti hadi mwisho ili aibu isimpite mtu, akarudi kitini kwake na kukunja mguu juu ya mguu.

Kwanza mkwaruzo. Halafu umati: maelfu ya watu wakipiga makofi, wakipiga mbinja, wakiita kwa pamoja jina ambalo halikusikika sawasawa. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Miftahi alifumba macho, na furaha ikamjaa mpaka machozi yakamtoka bila haya. Hatimaye alikuwa Malta. Hata wakimpa miaka kumi, walikuwa wamechelewa, alishafika.

"Mnawasikia?" Bukhatwa alipiga ukelele. "Ndio hao kondoo! Sasa anakuja punda wao!"

Umati ukanyamaza. Mtu akakohoa kwenye kipaza sauti, akaanza kusema taratibu, kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile ambayo nchi nzima iliisikiliza kila jioni baada ya taarifa ya habari, itake isitake.

Ukumbi wote ukainuka kwa kishindo kumshangilia Kiongozi, kama ilivyo sheria, na juu ya makofi yote kikasikika kigelegele cha mama yake Miftahi. Waliobaki wameketi walikuwa wawili tu: Ndugu Bukhatwa, aliyekuwa amelikodolea macho daftari la katibu, na Miftahi, aliyekuwa akiililia Malta yake.