Bembea za Mtaa wa Mkwajuni

Sekunda alikuwa akimlisha mama yake uji wakati jirani yao, Mama Revokatus, alipoingia na bakuli la supu ya kongoro, mafuta yakielea juu. Wiki nzima majirani walikuwa wakipishana mlangoni na supu za namna hiyo.

"Mgonjwa anakula vizuri?" aliuliza, huku akimminya bibi kizee paja juu ya shuka, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

Sekunda aliusukuma mkono wake. Mji ulikuwa umepanuka na manispaa haikuwa na fedha za bustani, kwa hiyo kila mtaa ulitoa maiti zake ziwe mbolea. Marehemu mwembamba aliupatia mtaa nyasi tu; mnene aliupatia mti wa kufungia bembea. Mkwajuni walikuwa na nyasi tele, na kila mtu alijua nani anafuata.

"Chukua supu yako utoke, Mama Revokatus. Mama yangu si samadi."

"Mwache, mwanangu," mama yake alisema taratibu, akijiinua kwenye mto. "Wajukuu zangu wameshachagua rangi ya bembea."

Kisha akaachama, akisubiri kijiko.