Hapa Hapapigwi Kelele

Binti alikuwa ametapika mara mbili tangu asubuhi, na ilipofika saa nane mchana alikuwa akijishikilia ukingo wa kitanda.

"Siwezi," alisema. "Nakwambia kweli, mama, siwezi. Tuite gari twende hospitali kubwa."

Mkunga alimshika mikono kwanza. Uchungu ulikuwa umerudi, na katika chumba chake uchungu ukija watu hawapayuki. Ndiyo ilikuwa sheria yake kwa miaka ishirini na moja: hapa hapapigwi kelele, hapa panahesabiwa. Basi wakahesabu pamoja kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mikono imeshikana, mpaka pete ya mkunga ikamwingia binti nyamani. Walipofika hamsini na tano, uchungu ukalegea.

"Gari limempeleka yule mzee mwenye kifua," mkunga alisema, akivuta pumzi. "Litarudi saa kumi. Mtoto huyu hawezi kungoja saa kumi."

Binti alijua. Alikuwa amesikia mapigo yakihesabiwa. Asubuhi moyo wa mtoto ulikwenda mia moja na arobaini kwa dakika. Saa sita, mia moja na ishirini. Sasa ulikuwa tisini, tena ulisitasita kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani.

Kwa miezi tisa binti huyu alikuwa akija katika zahanati hii. Siku ya kwanza hakujua hata mikono yake aiweke wapi. Mkunga alimvutia kiti, akampa maji, akamwuliza kama amekula. Tangu siku hiyo akawa anamwita mwanangu. Alimfundisha kwa mdoli wa kitambaa, ule ule aliowaonyesha wajawazito wote: mtoto anavyoinamisha kidevu, anavyojigeuza, anavyotanguliza bega moja. Kwenye mdoli mambo yalikuwa rahisi. Mdoli hauna moyo.

Alfajiri, bibi yake alikuwa amemsindikiza mpaka mlangoni na kumpa neno moja tu. Ukiona damu usiitazame, mtazame mkunga usoni, humo hutakuta hofu.

Binti akamtazama. Akaikuta.

Jasho lilimtiririka mkunga shingoni, na midomo ilikuwa imemkauka. Huyu alikuwa mcheshi. Watu walizoea kumtania kwamba amejaza shule nzima watoto lakini nyumbani kwake hakuna hata mmoja wa kutumwa dukani, naye huwajibu kwamba miguu yake bado inalijua duka. Leo hakuwa na utani. Na mtu aliyeyaona yote akiogopa, wa mara ya kwanza afanye nini?

Mhudumu anayefua mashuka ya zahanati aliingia na mataulo aliyoyapasha moto bila kuagizwa na mtu. Alimfuta binti paji la uso kwa kitambaa chenye maji baridi, polepole, kama anayefuta kioo. Akasema mume yuko nje kwenye benchi, ameifinyanga kofia yake mpaka imekuwa tambara, na anauliza kama wako salama.

"Mwambie tunahesabu," mkunga alisema.

Mapigo yakasikilizwa tena. Themanini.

"Ubavu wa kushoto," mkunga akasema. Kitanda kikalia, mhudumu akasukuma mto mahali pake. Wakasikiliza tena. Themanini na nne. Haikutosha.

"Na nikimuua?" binti alinong'ona. Neno hilo alikuwa nalo kooni tangu asubuhi, na ndilo lililomtapisha.

Mkunga alimshika kidevu, akamgeuza uso mpaka macho yao yakakutana.

"Nisikilize, mwanangu. Kila aliyeanza katika chumba hiki aliniambia hawezi. Uchungu unaokuja sasa ndio wa mwisho, mtoto hatastahimili mwingine. Ukifika usisite, usinililie. Fanya kama nilivyokufundisha."

Ukafika. Safari hii hakuna aliyekumbuka kuhesabu.

Kichwa kikatoka. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili, kinene kama kidole, na mhudumu akafumba macho.

"Taratibu," mkunga alisema, sauti imembakia nusu. "Taratibu, mwanangu. Usivutane nacho."

Kitovu kikapita juu ya kichwa mara moja. Kikapita mara ya pili. Bega likaja, na bega la pili, kisha mtoto mzima, wa kike, rangi ya majivu, kimya.

Akasuguliwa mgongo kwa taulo la moto. Moja, mbili, tatu. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kumi na moja, kumi na mbili. Nje, benchi lililia kama mtu ameinuka ghafla, halafu likalia tena. Walifika kumi na tisa ndipo mtoto akakunja uso kama aliyeonja ndimu, akalia.

Binti aliteremka na ukuta mpaka sakafuni, mikono yake yenye damu ameiinua mbele yake, akalia kumshinda mtoto.

"Kinyozi hajinyoi, mwanangu," mkunga alimwambia mwanafunzi wake kutoka kitandani, akafungua vifungo vya gauni lake, akampokea kifuani, kutoka kwa mhudumu, mtoto wake wa kwanza.