Nusu ya Maganga

Siku hizo sheria ilimruhusu marehemu kusema. Mtu akifa akiwa na mali ya ubia, sauti yake ilihifadhiwa mwaka mmoja katika mtambo wa baraza la ardhi, nayo ilijibu kama ambavyo mwenyewe angejibu.

Nyamizi na mdogo wake Maganga walijenga nyumba pamoja Tabora. Maganga alipofariki, Nyamizi alidai kwamba nduguye alimwachia nusu yake kwa mdomo. Ulikuwa uongo mtupu. Mjane, Kalunde, akapinga, na shauri likafika barazani.

"Maganga," karani aliuuliza mtambo, "ulimpa dada yako nusu yako?"

Nyamizi aliinamisha kichwa, akingoja kuumbuka.

"Nilimpa," sauti ilijibu. "Dada hasemi uongo."

Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Nyamizi akivunja chungu, Maganga ndiye aliyechapwa.

Kalunde hakubisha. "Kama kasema mwenyewe, basi, wifi. Nitahama Jumamosi." Akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Karani akampa Nyamizi nafasi ya kumuaga nduguye kabla ya mtambo kuzimwa.

"Dada, nyumba umeipata?"

"Nimeipata," alinong'ona.

"Haya. Na mke wangu atakaa wapi?"

Uso ulimwaka Nyamizi. Angeweza kumwita Kalunde arudi. Nyayo zake zilikuwa bado zinasikika ukumbini.

"Atakaa na mimi," alisema.

"Nilijua tu. Asante, dada."

Karani akazima mtambo, akamsogezea hati. Nyamizi aliipokea bila kumtazama usoni.