Kipimo cha Tatu

"Sentimita arobaini na moja," mkaguzi wa bima alisema, akiwa amechuchumaa kando ya gari. Akaandika kwa penseli kwenye daftari lake, akachora mstari wa chaki mlangoni, kisha akapima tena pale pale palipobonyea. "Arobaini na moja."

"Hata juzi ilikuwa arobaini na moja," alisema mama mwenye gari kutoka kwenye kiti chake cha barazani. "Bonyeo halijakua."

"Bati lina hila, mama. Mimi hupima mara tatu."

"Nimeshona mapazia miaka thelathini. Ningepima kama wewe, watu wangelala madirisha wazi mpaka leo."

Mkaguzi alicheka kidogo, akachora mstari wa pili.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo kuliko maneno yake. Magari mawili yaliteleza kwenye tope njia panda baada ya mvua, yakagusana ubavu, yakasimama. Askari akachora mchoro wa ajali, akaandika kwamba hakuna mwenye kosa, kila mmoja aende kwa bima yake. Gari liliendelea kutembea vizuri. Ni mlango wa nyuma wa kushoto tu uliokataa kufunguka, na kwa kuwa mama aliishi peke yake, hakuna aliyeuhitaji.

Siku ya kwanza mkaguzi alikuja na gari la ofisi, kitambulisho kikining'inia shingoni. Tangu hapo alikuja kwa miguu. Gari la ofisi liko gereji, alisema, na mama akamwonea huruma, maana viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja. Mwanzoni alikuja mara moja kwa wiki. Siku hizi hazikupita siku mbili bila yeye kuja.

"Ule mchoro wa askari umepatikana?" aliuliza sasa, akijipangusa chaki.

"Bado naupekua."

"Bila mchoro siwezi kufunga faili."

"Najua. Njoo unywe chai."

Mchoro ulikuwa jikoni, kwenye droo, chini ya vijiko. Mama aliuficha siku ile ile ya kwanza, baada ya mkaguzi kukaa saa nzima, kumaliza birika na kuuliza habari za marehemu mumewe aliyekuwa kwenye picha ukutani. Hakuwa mtu wa kuficha karatasi. Lakini mwanawe aliye mbali alipiga simu mwisho wa mwezi tu, tena kwa haraka, na majirani walimsalimia kwa honi wakipita. Faili likifungwa, nani tena angebisha hodi?

Alimimina vikombe viwili.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," alisema. "Wewe nimeshapoteza hesabu."

"Lete jembe basi."

"Sina. Shika kikombe."

Mkaguzi alikishika kwa mikono miwili. Kifungo kimoja cha shati lake jeupe kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Mama alikiona, akajizuia kuliomba shati. Walikunywa taratibu. Mkaguzi alipofungua mkoba wake kurudisha daftari, bahasha ya kaki ilichomoza. Aliivuta nusu, akamtazama mama, akairudisha.

"Karatasi za kazi," alisema.

"Hivi ofisini hawakuulizi mbona kazi hii haiishi?"

Aligeuzageuza kikombe kwenye kisahani. "Vijana wa sasa wanapiga picha tatu kwa simu, wamemaliza. Siku yoyote unaweza kumwona mmoja wao hapa badala yangu."

Alisema kama utani, ila hakucheka. Mama naye hakucheka.

Getini mkaguzi aligeuka. "Kipimo cha tatu nitakimalizia kesho. Saa nne, kama huna shughuli. Usiifute chaki."

Mama alijifanya kufikiri. "Nitaangalia."

Alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha akaingia ndani, akaitafuta namba ya ofisi ya bima kwenye fomu, akakaa nayo mapajani muda mrefu akipanga maneno. Hakutaka kijana wa picha tatu aje badala yake.

Sauti ya msichana ilipokea. Mama alijitambulisha, akataja namba ya gari.

"Naomba faili langu asipewe mkaguzi mwingine," alisema. "Huyu wa sasa tumeshazoeana. Akionekana amechelewa, kosa si lake, ni langu. Sijawapa mchoro wa askari."

Vitufe vya kompyuta vililia upande wa pili.

"Mchoro tulishapata nakala kituoni, mama. Faili lako lilifungwa kitambo. Tena ndilo la mwisho alilofunga mzee wetu. Kesho yake tukamuaga."

"Mkamuaga?"

"Amestaafu, mama. Mwezi uliopita. Barua yako ya kupeleka gari gereji aliondoka nayo mwenyewe, akasema ataipitisha kwako. Kwani hajakuletea?"

Mama alitazama nje. Wingu lilikuwa limetanda. Kwenye mlango wa gari ilionekana mistari miwili ya chaki, na chini yake nafasi ya wa tatu.

"Aliniletea, mwanangu," alisema. "Siku ile ile."

Akakata simu, akaenda stoo kutafuta turubai la kufunika gari, mvua isije ikaifuta chaki.